The Onion Halikuzaliwa Mtandaoni

Wengi huamini kwamba The Onion, gazeti la Marekani la habari za mzaha, ni zao la intaneti. Sivyo. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, walilianzisha mwaka 1988 kwenye karatasi. Tovuti ilikuja 1996. Ndiyo maana ucheshi wake unaiga gazeti hasa: kichwa cha habari kilichonyooka, mwandishi asiyetabasamu, upuuzi ukisimuliwa kama taarifa ya bunge. Intaneti iliusambaza mtindo huo, lakini pia iliitenga habari na gazeti lake, hata msomaji akaweza kuikuta bila kujua kuwa ni mzaha. Mwaka 2012 tovuti ya People's Daily, gazeti la chama tawala cha China, ilichukua kwa dhati mzaha wa The Onion uliomtangaza Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaambatanisha na picha zake nyingi.