Je, wajua kwa nini ukumbi mkubwa wa hoteli mara nyingi unakaa pembeni na sio chini ya vyumba?

Ukienda kwenye mkutano au sendofu kwenye hoteli kubwa hapa Arusha angalia vizuri, mara nyingi ghorofa la vyumba liko kivyake na ukumbi umejengwa pembeni. Wengi wanadhani ni kwa vile kiwanja kilikuwa kikubwa. Sababu kubwa ni nguzo.

Iko hivi, chumba kizuri cha hoteli kina upana wa kama mita 4, injinia anaweka nguzo kila baada ya vyumba viwili, yaani mita 8 hivi, na hizo nguzo zinashuka kutoka juu moja kwa moja mpaka kwenye msingi. Huko vyumbani hazisumbui maana zinajificha kwenye ukuta. Ila ukumbi wa watu 500 wa kukaa kwenye meza unataka kama mita 20 kwa 35, ukiuweka chini ya vyumba nguzo zinatua katikati ya meza, aliyekaa nyuma yake haoni skrini wala msemaji, siku nzima anapinda shingo, na mratibu wa mkutano akija kukagua akaiona tu hiyo nguzo anaenda hoteli nyingine.

Si waziondoe? Hapo ndo hesabu inakuwa kali. Ukitoa nguzo, biimu, yaani ule mhimili wa zege unaolala juu ya nguzo, inabidi ivuke mbali zaidi. Biimu ileile, mzigo uleule kwa kila mita, ukiirefusha mara mbili nguvu inayoikunja inakuwa mara 4 na kubonyea katikati kunakuwa mara 16! Na juu kuna vyumba, mabafu, matanki ya maji. Inawezekana, unamwaga biimu nene ajabu zinazobeba nguzo za juu, lakini nondo na saruji yake inakula bajeti vibaya mno. Ukumbi wa pembeni unabeba paa tu, kenchi za chuma zinavuka mita 20 bila shida.

Halafu kelele. Arusha ni mji wa mikutano toka zamani, AICC, yaani kituo cha kimataifa cha mikutano, ilianzishwa 1978, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humohumo toka 1995 mpaka 2015, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapahapa. Ukumbi wa wajumbe wa Jumatatu ndo huohuo wa harusi ya Jumamosi, na besi inapanda kwenye zege mpaka kitandani kwa mgeni mwenye ndege ya alfajiri KIA.

Sasa viwanja vya katikati ya mji ni vidogo, kwa hiyo wengine wanaupandisha ukumbi ghorofa ya juu kabisa, maana hapo juu yake ni paa tu. Nguzo zinaisha kweli, ila mimi sipendi sana, watu 500 wakitoka kwa pamoja lifti zinazidiwa, na moto ukitokea lifti haitumiki kabisa, kwa hiyo lazima zijengwe ngazi pana zaidi ya moja, zishuke sehemu tofauti mpaka nje, na hizo ngazi zinakula nafasi ya vyumba kila ghorofa.