Je, wajua? Mlei anaweza kuwa wa monasteri bila kuhamia huko

Wazazi wamesimama mbele ya altare na mtoto wao wa kiume. Wameshika hati ya ahadi waliyoiandika kwa niaba yake. Hati hiyo na mkono wa mtoto vinafungwa pamoja kwa kitambaa cha altare, na kuanzia hapo mtoto ni wa monasteri, yaani nyumba ya watawa.

Hivyo ndivyo inavyoelekeza sura ya 59 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa ulioandikwa Italia katika karne ya 6. Mtoto huyo aliitwa kwa Kilatini oblatus, yaani aliyetolewa. Leo neno hilohilo, oblati, ni jina la walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wenye ndoa, kazi na nyumba zao, wanaojifunga na monasteri kwa hiari. Ilikuwaje jina la watoto wasioulizwa likawa la watu wazima wanaojitoa wenyewe?

Wapo watoto waliostawi katika maisha hayo. Beda, mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, alipelekwa monasterini akiwa na miaka 7 na hakutamani maisha mengine. Lakini Gottschalk, mtoto wa Saksonia aliyetolewa katika monasteri ya Fulda, alipokua alidai aachiwe. Sinodi ya Mainz, mkutano wa maaskofu wa mwaka 829, ilimkubalia. Abate wake, yaani mkuu wa monasteri, Rabanus Maurus, akapinga na kuandika kitabu kutetea kwamba mtoto akishatolewa na wazazi, amefungwa. Kwangu mimi, kijana huyo aliuliza swali la haki kabisa: nani anaweza kumtoa mtu kwa Mungu isipokuwa yeye mwenyewe? Kanisa lilichukua karne nyingi kulijibu. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliamua kuwa hakuna nadhiri ya kitawa kabla mtu hajatimiza miaka 16.

Wakati huo watu wazima walikuwa wameshaanza kujitoa. Tarehe 15 Agosti 1425 Fransiska wa Roma, mke wa mtu na mama, alijitoa pamoja na wenzake kwa Wabenediktini, watawa wanaofuata Kanuni hiyo, wa kanisa la Santa Maria Nova mjini Roma. Hawakuweka nadhiri. Walirudi majumbani mwao, wakaendelea kuhudumia wagonjwa na maskini wa mji. Fransiska alihamia katika nyumba ya jumuiya yake baada tu ya mumewe kufariki, mwaka 1436.

Oblati wa leo hufuata njia inayofanana na hiyo. Hujiandaa kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, kisha huandika ahadi yake na kuitia sahihi altareni. Ahadi hiyo si nadhiri: mali yake inabaki yake na ndoa yake inabaki ndoa. Tena hajiungi na Wabenediktini kwa jumla. Anajiunga na monasteri fulani, yenye abate fulani na ndugu wanaomwombea kwa jina, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, maana ni kama kuingia katika ukoo.

Nyumbani husali masifu ya asubuhi na ya jioni, husoma Maandiko taratibu, na kila siku kipande cha Kanuni, yenye sura 73. Sura ya 31 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inamtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Kwa mtu wa nyumbani, hiyo ni sufuria iliyoungua chini: anaisugua kwa subira, anaisuuza, anaifuta na kuirudisha mahali pake kwa mikono miwili, kama padre anavyorudisha kikombe cha Misa.

Dorothy Day, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeanzisha nyumba za kuwapokea wasio na makao, alikuwa oblati tangu mwaka 1955. Monasteri yake, Mtakatifu Prokopi, ipo Illinois. Yeye aliendelea kuishi New York, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huko, akiwafungulia wageni mlango, kama sura ya 53 inavyoagiza wapokewe: kama Kristo mwenyewe.