Mawe juu ya mabati: tunayoyaamini Nairobi kuhusu hali kali ya hewa

Mvua ya mawe ya kwanza ninayoikumbuka ilitukuta darasani, Eastlands, chini ya paa la mabati, alasiri iliyokuwa imeanza kwa jua kali. Mwalimu aliona midomo yake inacheza bila sauti, akaweka chaki chini na kuketi. Ilipopungua tulitoka mbio kuokota mawe. Mengine tuliyatafuna, na mwenzetu mmoja akalipasua moja kwa wembe wa kuchongea penseli. Ndani mlikuwa na pete nyeupe na pete angavu zilizozungukana, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutazama mawingu, na leo nina kipimamvua uani ambacho majirani hukicheka, kisha huja kuniuliza kimesomaje. Nimegundua kwamba hali ya hewa inapochafuka, jiji zima huchangamka na kutoa simu, lakini mara nyingi macho yetu huelekea mahali pasipo.

“Ile ya Nyahururu ilikuwa theluji.”

Septemba 2008, eneo la Busara karibu na Nyahururu liligeuka jeupe, watu wakatoka kucheza, na hadi leo utakutana na mtu anayeapa kwamba Kenya ilipata theluji nje ya kilele cha mlima. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba yalikuwa mawe ya mvua yaliyoanguka kwa wingi na kushikana. Theluji ni fuwele zinazojengeka kutokana na mvuke ndani ya wingu lenye baridi, ilhali jiwe la mvua huanza kama chembe ya barafu inayorushwa juu na hewa inayopanda kwa nguvu, ikijiongezea tabaka la maji yanayoganda hadi inapokuwa nzito na kuanguka. Zile pete za kitunguu ndizo kumbukumbu ya safari hiyo. Kwa hiyo si baridi ya ardhini inayoleta mawe. Joto la mchana ndilo linaloipa hewa nguvu ya kupanda, na ndiyo sababu mawe hupenda alasiri.

Mbona basi Mombasa, yenye joto kuliko sisi, haiyaoni? Katika ukanda wetu wa ikweta, hewa huwa na baridi ya kugandisha maji kuanzia kimo cha karibu mita 4,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye takriban mita 1,700, hivyo jiwe hubakiwa na kilomita tatu hivi za hewa yenye joto kabla ya kugonga bati. Likielekea Mombasa hupita karibu kilomita tano, na likifika huwa tone tu. Nyanda za chai za Kericho na Nandi, zilizo juu zaidi yetu, zinahesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

“Mvua ikizidi, ni El Nino.”

Neno hili liliingia katika lugha yetu kwa mafuriko ya 1997 na 1998 na halijatoka. Sasa ni jina la mvua yoyote inayozamisha barabara. El Nino yenyewe si mvua. Ni kupanda kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, katikati na mashariki yake, upande wa ikweta, na athari yake kwetu huonekana zaidi katika vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kuliko katika masika.

Hesabu za miaka ya karibuni zinaivunja dhana hii. Masika ya 2018 yalifurika bila El Nino. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa miongoni mwa zile kali kabisa, serikali na wananchi wakajiandaa kwa gharika, lakini mvua haikufikia ile ya 1997. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua nyingi mno, na chanzo kikuu kilikuwa bahari yetu wenyewe: maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia yakipoa, tofauti inayosukuma unyevu kuelekea kwetu. Mwaka 1997 mambo hayo mawili yalitokea pamoja. Ninaona ajabu kwamba bahari iliyo umbali wa usiku mmoja kwa basi tunaisahau, tukailaumu ile iliyo ng’ambo ya dunia.

“Julai kuna baridi kwa sababu dunia imelikimbia jua.”

Kila mwaka, sweta zinapotoka sandukuni, ujumbe ule ule huzunguka kwenye simu: dunia iko mbali mno na jua, tujikinge na mafua. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa kwenye umbali wake mkubwa zaidi kutoka kwa jua, takriban kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari huwa milioni 147. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 3, na hutokea kila mwaka. Isitoshe, Julai hiyo hiyo Cairo inaungua kwa kiangazi, nayo iko kwenye dunia hii hii. Baridi yetu inatokana na hewa ya ubaridi inayovuma kutoka kusini na lile blanketi la mawingu ya chini ya rangi ya majivu, ambalo siku nyingine halifunguki hadi jioni. Siku likifunguka saa nne asubuhi, tunavua masweta, na jua halijasogea hata hatua moja.

“Nguo nyekundu na kioo huita radi.”

Nyanya yangu alifunika kioo kwa leso kila ngurumo iliposikika, nami sikumbishia. Radi haijali rangi. Inavutwa na kimo, ncha na upweke: mti ulio peke yake, mlingoti, mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Viatu vya mpira navyo havisaidii, kwa kuwa umeme uliopasua kilomita kadhaa za hewa hautazuiwa na unene wa kidole. Ndani ya gari lililofungwa kinachokukinga ni bodi ya chuma wala si magurudumu, na kwa hiyo abiria wa bodaboda hana kinga yoyote.

“Kwetu haijanyesha, mto hauna neno.”

Dhana hii ndiyo inayoua zaidi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa dogo la mita mraba 40 likipata milimita 50 humwaga lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Sasa fikiria mapaa yote na lami yote kutoka Kikuyu, ambako Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, hadi mabondeni. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe huyaamini.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, makumi ya watu walifagiliwa usingizini. Uvumi ulisema bwawa limepasuka, lakini ilibainika kuwa maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kalavati la reli lililoziba, hadi lilipoachia.

Majuma hayo hayo nilimtembelea rafiki mmoja Mathare. Alama ya tope kwenye ukuta wa duka lake ilinifika begani. Usiku maji yalipompitia, kipimamvua changu kilikuwa na milimita 4.