Nywele za Mawimbi Mepesi Si Nywele Zilizoharibika

Wengi wenye nywele nyembamba za mawimbi mepesi huambiwa kuwa nywele zao ni za kunyooka, ila zimekauka na kuharibika, basi zipakwe mafuta mazito. Si kweli. Zioshe, usipake kitu, usizichane, ziache zikauke zenyewe. Zikijipinda kama herufi S, hata kwa ulegevu, hayo ni mawimbi ya asili.

Wembamba nao si uchache: kichwa kinaweza kujaa nywele, lakini ukishika unywele mmoja kati ya vidole viwili, karibu usiuhisi. Unywele wa namna hiyo hulemewa upesi. Siagi ya shea huuvuta chini, wimbi likanyooka, na mwenyewe akadhani hana mawimbi kabisa. Kondishena nyepesi, kuanzia katikati hadi nchani, inatosha.