Statini kuuma misuli ni nini hasa, na vitamini zinasaidia kweli?

Mtu kapimwa, kolesto iko juu, kaandikiwa atorvastatin au simvastatin au rosuvastatin, anameza wiki tatu nne hivi halafu mapaja yanaanza kuuma, kupanda ngazi inakuwa kazi, anaambiwa na jirani "hizo dawa zinakula misuli, tafuta vitamini". Sasa hapo ndo watu wengi wanapotea, ngoja nieleze taratibu.

Dawa zote hizo ni familia moja, zinaitwa statini. Ya kwanza kabisa aliipata Mjapani Akira Endo kwenye ukungu miaka ya 1970, na ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa ilikuwa lovastatin, Marekani mwaka 1987. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kimoja ndani ya ini ambacho bila hicho mwili hautengenezi kolesto ya kutosha, kwa hiyo ini linalazimika kuivuta ile kolesto mbaya iliyoko kwenye damu na hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inapungua. Shida ni kwamba njia hiyohiyo inayotengeneza kolesto ndiyo inatengeneza pia vitu vingine, kimojawapo ni koenzaimu Q10 ambayo seli zinaitumia kuzalisha nguvu. Ukifunga bomba juu, maji yanapungua kwenye matawi yote.

Maumivu ya statini yana tabia zake. Huwa ni pande zote mbili, mapaja yote, makalio, mashavu ya miguu, mabega, na mara nyingi yanaanza wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezwa dozi, halafu ukiacha yanaisha ndani ya wiki kadhaa. Goti moja kuuma au mgongo kukaza upande mmoja, hiyo mara nyingi ina sababu nyingine.

Halafu kuna ile mbaya kweli, rabdomiolisisi, misuli inavunjika na mabaki yake yanaingia kwenye damu hadi kuziba figo. Ni nadra sana lakini ipo, na ndiyo iliyofanya cerivastatin iondolewe sokoni mwaka 2001. Dalili yake ni maumivu makali, misuli kulegea na mkojo kuwa wa rangi ya chai nzito. Ukiona hivyo usisubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda hospitali siku hiyohiyo wapime kimeng'enya cha misuli kinachoitwa CK pamoja na figo.

Sasa kuna jambo linalowaudhi watu wakiambiwa, ila ni la muhimu. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 unaitwa SAMSON, walichukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakawa wanapewa kwa miezi tofauti statini, kidonge kitupu kisicho na dawa, au hawapewi chochote, na wao hawajui kipi ni kipi kati ya vile vidonge viwili. Miezi ya statini waliumwa, miezi ya kidonge kitupu wakaumwa karibu vilevile, asilimia 90 ya dalili ilikuja hata na kidonge kitupu! Hii inaitwa nosebo. Na naomba tuelewane, haimaanishi mtu anajifanya, maumivu ni ya kweli kabisa, ila chanzo chake ni kule kumeza kidonge huku unategemea kuumia, sio kemikali yenyewe. Kuna wachache ambao kweli ni dawa, hasa wenye dozi kubwa, wazee, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au wanaochanganya na dawa kama clarithromycin (antibayotiki), itraconazole (dawa ya fangasi) au gemfibrozil (dawa nyingine ya mafuta ya damu).

Vitamini je? Vitamini D ilijaribiwa vizuri, zaidi ya watu 2,000 walioanza statini, nusu wakapewa vitamini D na nusu kidonge kitupu, matokeo yalitoka 2022: asilimia 31 waliumwa misuli kila upande, yaani hakuna tofauti. Kama umepimwa na vitamini D yako iko chini sana itibu, maana upungufu wenyewe unauma misuli, lakini usitegemee iwe kinga ya statini. Koenzaimu Q10 (ambayo kusema kweli sio vitamini maana mwili unajitengenezea) kuna majaribio yameona nafuu na mengine hayajaona kitu, mi naona ukitaka kujaribu muulize daktari kwanza hasa kama unameza warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Ila niasini, yaani vitamini B3 dozi kubwa, usiiguse kienyeji, ukiichanganya na statini inaweza kuongeza hatari ya misuli. Na ule mchele mwekundu wa chachu unaouzwa kama dawa ya asili una kemikali ileile ya lovastatin, kwa hiyo hujakimbia kitu.

Kinachosaidia zaidi ni kurudi kwa daktari badala ya kuacha kimyakimya. Anaweza kusimamisha dawa wiki chache aone, kushusha dozi, kubadilisha statini, au kukupa dawa za kolesto ambazo sio statini, kama ezetimibe, au asidi ya bempedoiki ambayo inaanza kufanya kazi ikifika ndani ya ini tu, kwenye misuli haiamki.