Mbu wa mchana na mwenye mimba

Nina mimba ya miezi miwili, na kila usiku nalala ndani ya neti niliyopewa kliniki. Haitoshi kunikinga na mbu?

Kwa malaria, hapo umefanya la maana, endelea. Ila kuna virusi vya Zika, vinavyomdhuru mtoto tumboni, na hivyo huletwa na mbu mwingine, Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya magharibi, wakati wewe uko uani wafua. Ndiye aliyetuletea homa ya chikungunya Mombasa mwisho wa 2017.

Zika humfanya nini mtoto tumboni?

Virusi hupenya kondo la nyuma na kuua seli changa za ubongo. Ubongo usipokua, fuvu nalo hubaki dogo. Mtoto huzaliwa na kichwa kidogo, pengine na kasoro za macho au masikio, au viungo vimekakamaa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Virusi vyenyewe viligunduliwa hapa jirani, msitu wa Zika, Uganda, 1947, lakini balaa hili la watoto lilishtua dunia kutoka Brazil, 2015. Si kila mimba huathirika: Shirika la Afya Duniani lakadiria watoto 5 hadi 15 kwa kila 100 ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito.

Mama mkwe asema mtoto wa hivyo ni jicho la watu.

Si jicho, wala si kosa la mama. Na si Zika peke yake. Ugonjwa wa rubela na pombe anayokunywa mjamzito pia huweza kuleta kichwa kidogo.

Nitajuaje kama nimeambukizwa?

Wengi hawahisi kitu. Wengine hupata homa ndogo, vipele, macho mekundu na maumivu ya viungo. Nenda kliniki upimwe. Homa itulize kwa parasetamoli. Aspirini na brufeni usiziguse, maana huenda ikawa ni homa ya dengi, na hizo huzidisha kutokwa na damu.

Maji ya mfereji hayaji kila siku. Mapipa tuyatupe?

Nani atakwambia umwage maji uliyoyanunua kwa mkokoteni? Ila mbu huyu hana haja na mtaro wa maji machafu. Hutaka maji yako safi. Hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Kwa hiyo kumwaga tu hakufai kitu: pipa lisugue kwa brashi kila wiki, kisha lifunike kwa kipande cha neti kuukuu kilichokazwa kwa kamba. Ukimaliza, zunguka nyumba uokote vifuu, makopo na makaka ya madafu.

Bwanangu ni baharia. Yanihusu?

Yakuhusu sana. Zika hupita pia kwa tendo la ndoa. Akirudi kutoka nchi yenye Zika, tumieni kondomu mpaka ujifungue, hata kama hakuugua siku moja huko alikokuwa.