Adrias: meli bila omo si lazima izame

Wengi huamini manowari (meli ya kivita) ikikatika omo, yaani sehemu yake ya mbele, imekwisha. Adrias ya Ugiriki, manowari ya aina ya Hunt iliyojengwa Uingereza, ilikanyaga bomu la majini karibu na kisiwa cha Kalymnos tarehe 22 Oktoba 1943. Omo yote ilikwenda, na mabaharia 21 wakafa.

Lakini haikuzama, na haukuwa muujiza. Boila, mashine na rafadha ziko kati na nyuma, na kuta za chuma za kukingama huzuia maji yasisambae. Hatari hasa ni mwendo: ukuta bapa uliobaki mbele haukuundwa kupasua mawimbi, na kasi ikizidi, shinikizo huubonyeza ndani. Baada ya matengenezo Gümüşlük, Uturuki, Adrias iling'oa nanga tarehe 1 Desemba, ikafika Alexandria tarehe 6.